SUFURIA YETU NA GHARAMA YAKE

Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utunzaji wa mazingira. Maneno hayo yamezoeleka mno masikioni mwetu, hata yakitajwa wengi wetu hufikiri jambo moja tu, yaani kupanda miti. Kupanda miti ni jambo jema na wala sitalibeza. Lakini leo naomba tuanzie jikoni, kwa chombo ambacho sidhani kama yumo ukumbini humu asiyekuwa nacho, nacho ni sufuria ya alumini.

Sina haja ya kuieleza. Arusi zetu hazikamiliki bila mtu kuleta seti yake, kubwa ikiwa imemeza ndogo zake zote. Pamoja na sufuria, alumini imo katika birika na miiko, katika fremu za madirisha ya nyumba mpya, katika makopo ya soda na bia, katika injini za magari, na katika nyaya nene za umeme zinazopita juu ya mashamba yetu kuelekea mijini. Ni metali nyepesi, hailiwi na kutu kama chuma, na bei yake sokoni haimtishi mtu. Hapo ndipo linapoanza swali langu. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, vimeundwa. Kitu kilichopitia kazi kubwa namna ile kikiuzwa kwa bei ndogo namna hii, bila shaka yuko mtu mahali fulani aliyelipa sehemu ya bei ambayo sisi hatukuilipa. Ni nani huyo? Na je, tunapoikusanya alumini iliyochakaa na kuiyeyusha upya, tunampunguzia mzigo wake, au tunamtwika mwingine?

UDONGO MWEKUNDU NA UMEME MWINGI

Alumini ni metali iliyo nyingi kuliko zote katika tabaka la juu la ardhi. Hata hivyo imeshikamana na oksijeni kwa nguvu kubwa, hata kwa muda mrefu hakuna aliyeweza kuitenga kwa gharama inayovumilika. Mwaka 1884 Wamarekani walipomaliza kuujenga mnara wa Washington waliuvika kilele cha alumini, kwa sababu wakati huo ilikuwa metali ya thamani, si ya kusongea ugali. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1886, vijana wawili, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja peke yake, waligundua njia ya kuitenga kwa umeme. (Ajabu ni kwamba wote wawili walizaliwa mwaka 1863, na wote wawili wakafariki mwaka 1914.) Njia yao ndiyo inayotumika viwandani hadi leo.

Kazi huanza kwa kuchimba boksiti, udongo mwekundu unaopatikana zaidi katika nchi za joto. Hata milima yetu ya Usambara, huko Lushoto, inayo kiasi. Boksiti hulala karibu na uso wa nchi, kwa hiyo ili kuifikia hufyekwa msitu na kukwanguliwa udongo wa juu, yaani ule ule unaolisha mimea. Husagwa, ikapikwa kwa soda kali, na humo hupatikana unga mweupe uitwao alumina. Unga huo huyeyushwa ndani ya vyombo vikubwa katika joto la nyuzi 950 hivi za Selsiasi, na mkondo mkubwa wa umeme hupitishwa humo usiku na mchana, hadi alumini itengane na oksijeni na kutuama chini. Tani 4 au 5 za boksiti huzaa tani 2 za alumina, na tani 2 za alumina huzaa tani 1 ya alumini.

Sasa sikilizeni hesabu ya umeme. Tani moja ya alumini hula uniti 14,000 hivi. Kaya ndogo yenye taa chache, redio na pasi, ikitumia uniti 75 kwa mwezi, itachukua zaidi ya miaka 15 kuumaliza umeme huo. Sufuria yenye uzito wa kilo moja imebeba ndani yake uniti 14. Ndiyo sababu kiwanda cha kutenga alumini aghalabu hakijengwi penye udongo wake. Hujengwa penye umeme mwingi wa bei ya chini. Na umeme mwingi wa bei ya chini, ndugu zangu, mara nyingi hutoka katika mto wa watu wengine.

MTO VOLTA

Nitakaa kidogo juu ya Ghana, kwa kuwa mfano wake unajulikana vizuri, tena ulianza kwa nia njema. Kwame Nkrumah hakutaka nchi yake changa ibaki kuuza kakao na kununua kila kitu kingine. Ghana ilikuwa na boksiti, na ilikuwa na mto Volta. Ndoto yake ilikuwa kwamba mto utoe umeme, umeme utenge alumini kutoka katika boksiti ya Ghana yenyewe, na alumini hiyo izae viwanda vingine. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia, Marekani na Uingereza, pamoja na fedha za Ghana yenyewe, bwawa la Akosombo lilianza kujengwa mwaka 1961 na kumalizika mwaka 1965. Nyuma yake lilitanda ziwa lenye ukubwa wa kilometa za mraba 8,500 hivi, mojawapo ya maziwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kutengenezwa na binadamu.

Watu wapatao 80,000 walihamishwa. Vijiji vyao, zaidi ya 700, vilifunikwa na maji pamoja na mashamba na makaburi ya wazee wao, nao wakapangwa upya katika makazi 52. Wakulima waliozoea kulima kandokando ya mto walijikuta katika ardhi finyu. Wale waliokuwa wakiishi chini ya bwawa hawakuhamishwa, lakini nao walipoteza mafuriko ya kila mwaka yaliyokuwa yakirutubisha mashamba yao. Katika maji yaliyotulia konokono waenezao kichocho walizaana, na ugonjwa huo ukawashika watoto wengi wa kando ya ziwa.

Kiwanda chenyewe kilianza kazi mjini Tema mwaka 1967. Wenye mali walikuwa makampuni mawili ya Kimarekani, Kaiser na Reynolds. Na boksiti ya Ghana, ambayo ndiyo iliyokuwa kiini cha ndoto? Haikutumika kiwandani hapo. Makampuni yalileta alumina kwa meli kutoka ng'ambo, yakaitenga kwa umeme wa Volta, kisha sehemu kubwa ya alumini ikarudishwa ng'ambo. Kilichotoka Ghana kilikuwa mto na mikono ya wafanyakazi. Kiwanda kilitumia zaidi ya nusu ya umeme wa bwawa, nao kiliununua kwa bei ya mkataba ambayo haikufika hata nusu senti ya Marekani kwa uniti. Mkataba huo ukaja kurekebishwa mwaka 1985. Katika miaka hiyo yote makazi mengi ya waliohamishwa yaliendelea kuwasha vibatari.

Wapo watakaoniambia: Padre, bila bwawa lile Ghana isingalikuwa na umeme. Ni kweli. Wala sisemi kwamba mabwawa yasijengwe. Sisi wenyewe tumejenga bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, na sote tunautaka umeme wake. Ninalosema ni kwamba katika daftari la Akosombo kulikuwa na safu mbili, ya faida na ya gharama, na majina yaliyoandikwa katika safu moja hayakuwa yale yaliyoandikwa katika safu ya pili. Mnaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Tukiisoma vizuri tutaona kwamba mfalme Ahabu hakuanza kwa dhuluma. Alianza kwa kumwahidi Nabothi fidia, shamba jingine lililo zuri zaidi, au fedha. Fidia ilikuwapo. Nabothi alikataa kwa sababu shamba lilikuwa urithi wa baba zake, na dhuluma ilianzia pale alipokataa. Wale 80,000 wa Volta hawakupewa hata nafasi ya kukataa.

VUMBI NA TOPE

Tukigeukia machimbo, nchi ya kutazamwa leo ni Guinea, yenye akiba ya boksiti kubwa kuliko ya nchi yoyote duniani. Treni za boksiti zimekuwa zikishuka kutoka Sangarédi hadi bandari ya Kamsar tangu mwaka 1973, na kuanzia mwaka 2015 makampuni mapya yaliongeza uchimbaji katika eneo la Boké kwa kasi kubwa, sehemu kubwa ya udongo huo ikienda China. Mwaka 2018 shirika la Human Rights Watch lilichapisha ripoti iliyotokana na mahojiano na wanakijiji wa huko. Walieleza juu ya mashamba ya ukoo yaliyochukuliwa kwa fidia ndogo au bila fidia, maana mila iliwatambua kuwa wenye ardhi lakini hati hawakuwa nayo. Juu ya vijito vilivyochafuka. Juu ya vumbi jekundu linaloingia majumbani na kutua juu ya mazao.

Februari 2019 watu wa vijiji 13 walipeleka malalamiko yao katika ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya miradi ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lililo tawi la Benki ya Dunia na ambalo lilikuwa limeikopesha mojawapo ya kampuni hizo. Nawaomba mnaotoka maeneo yenye machimbo mlitie hili akilini, liwe ni dhahabu, makaa ya mawe au kitu kingine. Kampuni kubwa mara nyingi ina mkopeshaji, na mkopeshaji mara nyingi ana mlango wa kupokea malalamiko. Kuutafuta mlango huo ni kazi halali kabisa ya kamati ya haki na amani, nami naiona ina manufaa zaidi kuliko maandamano kumi.

Tope ni jambo la pili. Boksiti inapopikwa kwa soda kali hubaki tope jekundu, na kwa kila tani ya alumina hubaki karibu tani nzima ya tope hilo, au zaidi. Lina ukali wa kuunguza ngozi. Aghalabu hufungiwa tu katika mabwawa ya udongo, mwaka baada ya mwaka. Tarehe 4 Oktoba 2010, karibu na mji wa Ajka nchini Hungaria, ukuta wa bwawa la namna hiyo ulibomoka. Tope lilivikumba Kolontár na Devecser, watu 10 wakafa na zaidi ya mia wakajeruhiwa, wengi kwa kuungua. Hungaria si nchi maskini isiyo na wakaguzi. Yafikirini mabwawa ya jinsi hiyo pale ambapo mkaguzi hana hata gari.

Juu ya hewa nitapita upesi. Umeme huingizwa katika vyombo vile kwa vipande vya kaboni, navyo huungua polepole, hata tani moja ya alumini ikatoa tani moja na nusu hivi ya kaboni dayoksaidi kabla ya kuhesabu moshi wa umeme wenyewe. Ukiwa umeme wa makaa ya mawe, kama ulivyo kwa sehemu kubwa huko China kunakotengenezwa zaidi ya nusu ya alumini ya dunia, jumla hupita tani 15. Nchi za Ghuba hutumia gesi: Bahrain tangu mwaka 1971, Dubai tangu mwaka 1979, na Omani huko Sohar tangu mwaka 2008. Tena ipo floraidi, ile ile ambayo ndugu zetu wa Meru wanaifahamu kwa namna inavyotia meno rangi ya kahawia. Ikitoka katika mabomba ya kiwanda hutua juu ya majani, ng'ombe akayala, na mifupa yake ikaharibika. Ndiyo maana viwanda vya alumini hufungiwa vichujio. Jirani zetu wa Msumbiji walionja wasiwasi huo mwaka 2010, pale kiwanda cha Mozal kilicho karibu na Maputo kilipopewa kibali cha kutoa moshi bila kuupitisha katika vichujio wakati vikifanyiwa matengenezo. Raia walikusanya saini kwa maelfu, wakaenda mpaka mahakamani.

AKIBA ILIYOMO JALALANI

Sasa nafika kwenye habari njema, kwa maana alumini ina sifa moja ambayo mbao, karatasi na plastiki hazina. Haichoki. Ikishatengana na oksijeni katika ile kazi kubwa ya umeme, kuiyeyusha tena kwahitaji joto la nyuzi 660 tu, na nishati inayotumika ni kama sehemu 5 kati ya 100 za ile ya mara ya kwanza. Hakuna boksiti mpya, hakuna tope jekundu, hakuna kijiji kinachohamishwa. Makopo 70 hivi ya soda ni kilo moja. Anayeyaokota makopo hayo na kuyapeleka kuyeyushwa ameokoa uniti zaidi ya 13 za umeme wa mto wa mtu. Tukiifukia alumini shimoni pamoja na maganda ya ndizi, ni sawa na kuwaambia wale wa Volta na Boké kwamba walichokitoa hakikutosha, watoe tena.

Lakini naomba tusiishie hapo, maana ndipo semina nyingi za mazingira zinapoishia, kwa makofi. Tuulize kopo hurudi kwa njia gani. Ujerumani tangu mwaka 2003 mnunuzi wa kinywaji cha kopo huweka rehani ya senti 25, akaipata anapolirudisha kopo dukani. Kule kopo hurudi kwa sheria. Kwetu hurudi kwa njaa. Hurudi kwa sababu yuko kijana, au mama mwenye mtoto mgongoni, au bibi, anayezunguka na kiroba tangu alfajiri akichokoa jalala kwa mkono mtupu palipo na vioo na sindano za hospitali. Katika jumuiya zetu tunamwita chokoraa. Watoto wetu humkimbia. Kama yuko mtu katika parokia anayeutunza uumbaji kwa vitendo kila siku ya Mungu, ni yeye, na hatujawahi kumwita kwenye semina.

Huyo huuza kwa mnunuzi mwenye mizani. Kama mizani imechezewa, kilo moja huwa robo tatu, naye hana la kufanya kwa kuwa mizani ya pili haipo. Sheria ipo na Wakala wa Vipimo upo, nao hukagua na kugonga muhuri mizani za biashara. Tumezoea kuidai haki ya mizani katika pamba, kahawa na korosho, na tumefanya vyema. Katika vyuma chakavu sijasikia mtu akiidai.

Kutoka kwa mnunuzi, sehemu kubwa ya alumini husafirishwa kwenda viwandani, na nyingine huenda kwa mafundi wetu wa kumimina sufuria. Mmewaona. Tanuri la mkaa lenye feni, chungu cha chuma, na sanduku la mchanga wenye unyevu uliobanwa ukapata umbo la sufuria. Fundi hutumbukiza pistoni, vipande vya giaboksi, rimu, makopo na fremu za madirisha, akakoroga, akaondoa makapi yanayoelea, kisha akamimina. Kwa dakika chache anayo sufuria nzito ya kupikia pilau ya msibani. Ni kazi ya akili na ya kishujaa, nami nawaheshimu sana mafundi hao. Lakini wengi huifanya kwa kandambili. Kopo lililobaki na maji ndani likizama katika alumini iliyoyeyuka, maji hugeuka mvuke kwa ghafla na kuirusha juu. Rangi, mafuta na plastiki vinavyoungua humo hutoa moshi ambao fundi na wanafunzi wake huuvuta kutwa.

Tena liko jambo lisiloonekana kwa macho, yaani madini ya risasi. Rejeta kuukuu zina lehemu yenye risasi, vichwa vya betri za gari ni risasi, rangi nyingine za zamani zina risasi. Vikichanganywa chunguni, risasi huingia katika sufuria. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, juu ya vyombo 42 vya alumini vilivyonunuliwa katika nchi 10 zikiwamo Kenya na Tanzania, ulionyesha kwamba karibu theluthi yake vilitoa risasi nyingi vilipochemshiwa asidi hafifu, mfano wa siki. Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Huharibu ubongo wa mtoto polepole, bila homa, bila upele, hata mwalimu akadhani mtoto ni mzito wa kuelewa tu.

Wala tusidhani kwamba neno kuyeyusha upya ni baraka kwa lenyewe. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda kilichoanza mwaka 2007, kikiyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Nacho kilikuwa kikigeuza takataka kuwa mali. Watu waliokizunguka, watoto wakiwamo, wakapata sumu ya risasi katika damu. Mama Phyllis Omido, aliyekuwa amefanya kazi hapo, ndiye aliyeongoza mapambano ya kukifunga, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wanakijiji walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi ikaendelea kupanda ngazi za mahakama kwa miaka mingine.

Najua nitawaudhi akina mama wa WAWATA kwa neno hili linalofuata, lakini lazima nilinene. Ule ustadi wa kuisugua sufuria kwa mchanga na steelwool mpaka mtu ajione uso ndani yake, huondoa utando mwembamba unaoizuia metali isiingie katika chakula. Ndani isafishwe kwa sabuni na kitambaa. Nje sugueni mpendavyo. Na vyakula vyenye ukali, yaani mchuzi wa nyanya, ukwaju, ndimu, maziwa ya mgando, visilazwe katika sufuria ya kumiminwa usiku kucha. Hamisheni katika bakuli la udongo, la kioo au la plastiki.

Je, basi tuwafungie mafundi? Wako viongozi hupenda njia hiyo kwa kuwa ni fupi. Januari 2022 Kenya iliwahi kupiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, baada ya nguzo za njia kuu za umeme kuharibiwa na nchi kuingia gizani. Sababu ilikuwa nzito, maana wezi wa nyaya na vyuma vya nguzo huwaumiza wagonjwa walioko hospitalini kabla ya kuiumiza serikali. Marufuku ilidumu hadi Mei. Kwa muda huo mwokota makopo asiyewahi kugusa waya wa mtu alikaa njaa sawasawa na mwizi. Haki haitendeki kwa kuwafunga wote kamba moja. Ilipofunguliwa, wanunuzi walitakiwa wawe na leseni na wawe tayari kukaguliwa, na kwa maoni yangu hilo ndilo lililostahili kutangulia.

Fundi naye hachanganyi rejeta na makopo kwa uovu; huchanganya kwa sababu ndivyo vitu vilivyomfikia, tena vimechanganyika tayari. Ikiwa makopo, nyaya zilizonunuliwa kihalali na sufuria zilizotoboka vitamfikia vikiwa peke yake, atamimina chombo kilicho salama zaidi, na rejeta na betri zitakwenda kwa wenye vifaa vya kuzishughulikia. Kutenganisha huko hakuhitaji mtaalamu kutoka ng'ambo. Kunahitaji viroba viwili na bei mbili.

KAZI KABLA YA KIKAO KIJACHO

Naomba kila kamati ya parokia ifanye uchunguzi mdogo. Mtafuteni mwokota vyuma chakavu mmoja au wawili katika eneo lenu, mzungumze nao kwa heshima, bila kupiga picha, mjue wanauza alumini kwa bei gani kwa kilo na kwa nani. Kisha pimeni kilo moja ya mchele katika mizani ya duka mnayoiamini, mwende nayo kwa mnunuzi huyo, mwombe aipime mbele yenu; mtajua mengi kwa kumtazama usoni tu. Kama muhuri wa Wakala wa Vipimo hauonekani, andikeni. Vijana wa VIWAWA wanaweza kwenda kwa fundi wa sufuria, wakaulize anayeyusha nini, anapata wapi, na kama angeletewa alumini iliyokwisha kutenganishwa angeongeza kiasi gani juu ya bei. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo ninalolihitaji kuliko yote, maana bila tofauti ya bei hakuna atakayetenganisha kitu.

Pia hesabuni makopo yaliyobaki baada ya sikukuu ya somo wa parokia, au baada ya arusi moja kubwa, na mseme yalikwenda wapi. Kama yalichomwa nyuma ya ukumbi pamoja na sahani za karatasi, semeni hivyo hivyo.

Majibu yaandikwe, hata yakiwa nusu ukurasa, na yaletwe na wajumbe wenyewe mkononi.